Kabla ya kompyuta kuingia wodini, muuguzi na aulizwe

HUENDA nawe, msomaji, umewahi kusimama mbele ya dirisha la hospitali ukiwa na mgonjwa wako begani, ukaambiwa maneno mawili ambayo siku hizi watu huyaogopa kuliko sindano: “Sistimu imelala.” Karani anabonyeza, anasubiri, anabonyeza tena. Foleni inarefuka hadi nje ya mlango. Mtoto wa mtu analia, mzee ameketi sakafuni, na hatimaye mmoja kwenye foleni anashindwa kuvumilia na kupandisha sauti. Anayefokewa ni yule karani, kwa sababu ndiye aliye karibu.

Leo naomba tumtetee karani huyo, na pamoja naye muuguzi, mfamasia na daktari wa zamu. Si kwamba hawakosei. Hukosea kama sisi sote. Lakini mengi ya makosa tunayowalaumu kwayo yalikwisha kutengenezwa zamani, mbali na wodi, na mtu aliyeketi kwenye kiti kizuri akiandika programu ya kompyuta bila kumuuliza hata mmoja wao swali moja.

Wataalamu wa kompyuta wana jina la kazi ambayo mtu huyo aliiruka. Huiita usanifu unaomzingatia mtumiaji. Kwa lugha yetu ya kila siku, ni kujiuliza kabla ya kuunda programu, na wakati wote wa kuiunda: Ni nani ataitumia? Ataitumia akiwa wapi, amechoka kiasi gani, na mikononi ana nini? Na je, akikosea, itakuwaje?

Mmarekani Donald Norman, msomi wa saikolojia, alichapisha kitabu mwaka wa 1988 kueleza kwa nini watu wenye akili timamu hushindwa kutumia vitu vidogo kama milango na majiko. Hoja yake ni rahisi. Watu wengi wakiusukuma mlango unaopaswa kuvutwa, usiwacheke watu hao. Mtazame aliyeutengeneza mlango.

Pengine utauliza, hayo yanahusu nini ukurasa wa afya? Mlango ukikushinda, utaaibika kidogo kisha utapita. Programu ya hospitali ikimshinda anayeitumia, kuna mtu aliyelala kitandani ambaye atalipa. Hebu tutazame yaliyotokea kwingine, ili tusiyarudie hapa kwetu.

Mtambo uliounguza wagonjwa

Kati ya mwaka wa 1985 na 1987, mtambo wa kutibu saratani kwa mionzi uliojulikana kama Therac-25, uliotengenezwa Kanada, uliwapa wagonjwa sita huko Marekani na Kanada kipimo cha mionzi kilichopita kiasi kwa mbali sana. Baadhi yao walifariki kutokana na majeraha hayo. Mtambo huo uliendeshwa na kompyuta.

Mmoja wao alitibiwa mjini Tyler, jimbo la Texas, mwezi Machi 1986. Mhudumu aliyeendesha mtambo alikuwa mzoefu na mwepesi wa vidole. Aliandika herufi “x” iliyoashiria miale ya eksirei, kumbe mgonjwa huyu alihitaji elektroni, ambazo huandikwa “e”. Aligundua kosa lake mara moja, akarudi juu, akasahihisha, akaendelea. Kwenye kioo kila kitu kilionekana sawa. Lakini ndani ya kompyuta, masahihisho yaliyofanywa upesi, katika zile sekunde 8 ambazo sumaku za mtambo zilikuwa zikijipanga, hayakufika sehemu zote za programu.

Mtambo ukasimama na kuandika maneno ya kutangaza hitilafu, pamoja na namba 54. Basi. Haukueleza ni hitilafu gani, wala kama mgonjwa amo hatarini. Kitabu cha maelezo nacho hakikueleza lolote la maana. Mhudumu alikuwa amezoea mtambo huo kusimama mara nyingi kwa siku kwa sababu zisizo na uzito, na kioo kilimruhusu kuendelea kwa kubonyeza herufi moja tu, “P”. Akaibonyeza.

Mgonjwa, aliyekuwa peke yake katika chumba cha tiba, alikuwa tayari amehisi kitu kama mshtuko wa umeme mgongoni. Alipokuwa akijaribu kuinuka, akapigwa mara ya pili. Kamera na simu ya kuwasiliana na chumba hicho hazikuwa zikifanya kazi siku hiyo. Alikusudiwa kupata radi 180. Baadaye ilikadiriwa kwamba alipata kati ya radi 16,500 na 25,000 kwa muda usiofika sekunde moja. Alifariki baada ya miezi mitano.

Wahandisi wa kampuni iliyotengeneza mtambo walikuja, wakaujaribu, wasione kosa. Mtambo ukarudishwa kazini. Mwezi uliofuata, Aprili, mhudumu yuleyule akaona namba ileile, na mgonjwa mwingine akaunguzwa. Naye alifariki.

Ni nani aliyegundua kiini cha balaa hilo? Si waliounda programu. Ni mwanafizikia wa hospitali hiyo, akisaidiwa na mhudumu mwenyewe, ambaye alikumbuka vyema alivyokuwa ameandika. Wawili hao waliketi mbele ya mtambo wakarudia kazi mara kwa mara, wakaona kwamba kosa hutokea mtu anapoandika upesi. Wahandisi walikuwa wameandika polepole, kama waandikavyo watu wasiofanya kazi hiyo kila siku. Wahenga walisema kweli: kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.

Lakini kisa hiki kina funzo jingine ambalo wengi hulipita. Mwanzoni, mtambo ulimtaka mhudumu aandike upya kwenye kompyuta takwimu zote zilizokwisha kupangwa ndani ya chumba cha tiba, ili zilinganishwe. Wahudumu walilalamika kwamba kazi hiyo inawachelewesha. Watengenezaji wakawarahisishia: badala ya kuandika, bonyeza kitufe kimoja tu na takwimu zinajinakili. Kazi ikawa nyepesi, na ulinganishaji ukafa. Isitoshe, mitambo ya awali ya aina hiyo ilikuwa na vizuizi vya chuma na umeme vilivyozuia mionzi mikali kutoka isipotakiwa. Katika Therac-25, kazi hiyo iliachiwa programu.

Kwa hiyo anayedhani kwamba kumfikiria mtumiaji ni kupunguza vitufe na kupaka kioo rangi za kupendeza, amekosea. Usanifu mzuri hujua mahali pa kumharakisha mtu na mahali pa kumsimamisha. Mfano tunao mifukoni mwetu. Huduma ya M-Pesa, iliyoanza humu nchini mwaka wa 2007, huenda upesi karibu kila mahali. Lakini kabla pesa hazijatoka, simu hukuonyesha jina la mtu unayemtumia. Hapo unasimama kidogo. Ni wangapi kati yetu waliokoa mshahara kwa sababu ya kusimama huko? Ikiwa shilingi 500 zinastahili ulinzi huo, je, dawa inayoingia mshipani?

Herufi mbili na kesi ya jinai

Mwezi Desemba 2017, katika hospitali moja kubwa mjini Nashville, Marekani, muuguzi alitumwa kumchukulia mgonjwa dawa ya kumtuliza kabla ya kupigwa picha. Dawa hospitalini humo zilikuwa katika kabati linalofunguliwa kwa kompyuta. Unaandika herufi za mwanzo za jina, orodha inatokea, unachagua, mtoto wa meza anafunguka.

Dawa aliyotumwa ilikuwa Versed. Akaandika “VE”. Kabati halikuitambua, kwa sababu lilikuwa likitafuta kwa jina la kitaalamu la dawa hiyo, midazolam, na wala halikumweleza hivyo. Akatumia njia ya dharura ya kulipita zuio la mashine, akaandika tena “VE”. Safari hii ikatokea vecuronium, dawa inayolegeza misuli yote ya mwili, hata ya kupumua. Akaichagua. Mgonjwa, mama wa miaka 75, alifariki.

Muuguzi alikiri kosa lake tangu mwanzo. Naye alikuwa na makosa ya kujibu, kwani chupa ya dawa ile ilikuwa na onyo kwenye kifuniko na hakulisoma. Lakini alieleza pia kwamba kulipita zuio la kabati lilikuwa jambo la kila siku hospitalini humo. Machi 2022 alipatikana na hatia ya mauaji kwa uzembe, na mwezi Mei akapewa miaka mitatu ya uangalizi nje ya jela. Wauguzi kote Marekani walifadhaika, wakauliza kama kuna atakayethubutu tena kukiri kosa.

Kisha tazama kilichopendekezwa na wataalamu wa usalama wa dawa baada ya kifo hicho: kabati limtake mtu aandike angalau herufi tano kabla ya kumwonyesha orodha. Herufi tano badala ya mbili! Badiliko dogo kiasi hicho halihitaji shule mpya ya wauguzi wala jengo jipya. Lakini kwanza alifariki mama wa watu, na muuguzi akasimama kizimbani. Aliyeamua kwamba herufi mbili zinatosha hakuonekana mahakamani.

Sisemi kwamba wauguzi wasiwajibike. Nasema hivi: mashine ikiwa imejengwa kwa namna ambayo mtu yeyote aliyechoka anaweza kuteleza palepale, kumfunga mmoja hakumkingi mgonjwa wa kesho. Utamwondoa huyu, ataletwa mwingine, na utelezi utamngoja papo hapo.

Programu moja, hospitali mbili

Mfano wa tatu unahusu watoto, na ndio ninaotaka wasimamizi wa hospitali zetu wausome mara mbili.

Hospitali ya watoto ya Pittsburgh, Marekani, iliweka mfumo wa kompyuta wa madaktari kuagizia dawa na vipimo. Uliwekwa hospitali nzima kwa muda wa siku 6. Watafiti wa hospitali hiyohiyo, katika makala iliyochapishwa mwaka wa 2005, walichunguza watoto 1,942 waliokuwa wamehamishiwa hapo kwa matibabu maalumu kati ya Oktoba 2001 na Machi 2003. Kabla ya mfumo, waliofariki walikuwa asilimia 2.80. Baada ya mfumo, asilimia 6.57.

Ilikuwaje? Zamani, mtoto mahututi alipokuwa njiani, madaktari waliweza kuagiza dawa zikawekwa tayari. Mfumo mpya haukuruhusu agizo lolote hadi mtoto afike na aandikishwe. Agizo moja ambalo awali liliandikwa kwa kalamu kwa sekunde chache sasa lilihitaji kubonyeza hadi mara kumi, na kuchukua dakika moja au mbili. Wauguzi waliotakiwa kuwa kando ya kitanda wakawa wanatazama kompyuta. Kwa mtoto anayepigania pumzi, dakika mbili si kitu kidogo.

Sasa sikiliza. Hospitali ya watoto ya Seattle nayo iliweka programu ileile. Makala yao ya mwaka wa 2006 ilionyesha kwamba vifo katika wodi ya watoto mahututi havikuongezeka. Vilikuwa asilimia 4.22 kabla, vikawa 3.46 baadaye, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kuitwa mafanikio, lakini hakika haikuwa msiba. Wagonjwa wa hospitali hizi mbili hawakuwa sawa kwa kila hali, hivyo tusizilinganishe namba moja kwa moja. Ila Seattle walikuwa wametayarisha mapema makundi ya maagizo yanayotumika sana katika wodi hiyo, ili daktari asiyatafute moja baada ya jingine usiku wa manane.

Maana yake ni kwamba programu haiji ikiwa nzuri au mbaya kama embe sokoni. Uzuri wake hukamilika, au huharibika, pale inapokutana na kazi yenyewe na watu wenyewe.

Na hapa kwetu?

Usidhani, msomaji, kwamba mambo haya ni ya Wazungu. Kenya si mgeni katika kompyuta za hospitali. Mwaka wa 2004, madaktari na wataalamu kutoka Indiana, Marekani, waliokuwa wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Moi katika kuwatibu wagonjwa wa Ukimwi magharibi mwa Kenya, walikuwa miongoni mwa walioanzisha programu ya OpenMRS. Mwaka wa 2006 ilianza kutumika Eldoret. Leo inatumika katika nchi nyingi, na mfumo wa KenyaEMR unaotumiwa katika vituo vya afya humu nchini, ulioanza mwaka wa 2012, umejengwa juu yake.

Nawapa heko waanzilishi hao kwa jambo moja. Hawakumlazimisha daktari wa kliniki yenye foleni ndefu aanze siku ya kwanza kupambana na kibodi. Madaktari na maafisa wa kliniki waliendelea kujaza fomu za karatasi walizozizoea, na makarani wakaziingiza katika kompyuta. Kisha kompyuta ikampa daktari karatasi yenye muhtasari wa mgonjwa, pamoja na kikumbusho, kwa mfano kwamba kipimo cha damu cha kuonyesha nguvu za kinga kimechelewa. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2011 ulionyesha kwamba waliopewa vikumbusho hivyo waliagiza vipimo vilivyochelewa mara nyingi zaidi kuliko wasiopewa. Karatasi moja, iliyowekwa mahali macho ya daktari yalipokuwa tayari. Huko ndiko kumfikiria mtumiaji, hata kama hakuna kioo cha kung'aa.

Lakini tangu huduma za afya zikabidhiwe kaunti mwaka wa 2013, mifumo imeongezeka, na si kila mmoja umekuja kwa hekima hiyo. Waulize wauguzi unaowajua. Watakwambia kuhusu muuguzi anayeandika habari za mgonjwa katika kitabu, halafu jioni anaziandika tena katika kompyuta, kwa sababu haiamini mashine na mkubwa wake haliamini daftari. Watakwambia kuhusu neno la siri moja linalotumiwa na wodi nzima, kwa kuwa kuingia na kutoka kunachukua muda mrefu. Watakwambia kuhusu maonyo yanayoruka kwenye kioo kila dakika mpaka mtu anayafunga bila kuyasoma, kama yule mhudumu wa Texas. Wanaofanya hivyo si wakaidi. Wanatafuta njia ya kumhudumia mgonjwa licha ya mashine iliyoletwa kuwasaidia.

Na Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF, sote tulishuhudia wagonjwa wakikwama kwenye madirisha ya hospitali. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwemo za pesa na mikataba, na haitakuwa haki kusingizia kioo cha kompyuta kila jambo. Hata hivyo, siku hiyo ilitufunza kwamba nchi nzima inaweza kuhamishwa kutoka mfumo mmoja hadi mwingine kwa usiku mmoja. Pittsburgh walitumia siku 6, na ilikuwa hospitali moja.

Mfikirie pia mgonjwa, kwani naye ni mtumiaji. Usajili wa SHA unaweza kufanywa kwa simu yoyote kwa kubonyeza *147#. Ni jambo jema kwamba simu ya kawaida haikusahauliwa. Lakini huduma za namna hii kwa jumla hukatika ukichelewa kujibu, na nyanya anayesoma polepole, anayetafuta miwani, kisha kitambulisho, kisha namba sahihi, hujikuta amerudishwa mwanzo. Hatimaye anampa kijana wa jirani simu, kitambulisho na siri zake zote. Je, kuna aliyeketi na nyanya mmoja, kabla ya mambo kuanza, akamwangalia tu anavyobonyeza?

“Wafundisheni, watazoea”

Najua jibu la wakubwa. Kwanza watasema wafanyakazi wafundishwe, watazoea. Mafunzo ni mazuri. Lakini yule mhudumu wa Texas alikuwa amefundishwa, na alikuwa amezoea. Mazoea ndiyo yaliyomfanya abonyeze “P”. Tena wafanyakazi wa hospitali huhamishwa, wanafunzi huja na kuondoka, na wa zamu ya usiku hawakuwapo siku ya semina. Mfumo unaohitaji semina ya wiki nzima ili mtu asiue, haujakamilika.

Pili watasema hakuna pesa. Hapa nina habari njema. Mtaalamu Jakob Nielsen, aliyefanya kazi hii kwa miaka mingi, aliandika mwaka wa 2000 kwamba ukiwajaribisha watumiaji watano tu, utagundua sehemu kubwa ya kasoro za programu. Watano! Chukua muuguzi wa zamu ya usiku, karani wa mapokezi, mfamasia, afisa wa kliniki na mwanafunzi. Mpe kila mmoja kazi halisi: andikisha mgonjwa aliyezimia asiye na kitambulisho, agiza dawa ya mtoto wa kilo 9, futa agizo uliloliandika kimakosa. Kaa nyuma yake, usimsaidie, uandike anapokwama. Rekebisha. Jaribu tena na watano wengine. Gharama yake ni chai na maandazi, na unyenyekevu. Kwa wakubwa wengine, hicho cha mwisho ndicho ghali.

Tatu watasema tunahitaji mfumo haraka ili kuzuia wizi na madai ya uongo. Ni kweli wizi upo, na kompyuta husaidia. Lakini mfumo uliobuniwa kumridhisha mkaguzi pekee humgeuza muuguzi kuwa karani wa mkaguzi. Mgonjwa hutibiwa na muuguzi, hatibiwi na ripoti.

Yafaa kufanywa nini?

Bunge lilipitisha Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka wa 2023, iliyounda wakala wa kusimamia mambo haya. Mazungumzo mengi yamekuwa juu ya usiri wa habari za mgonjwa, na ni sawa. Ombi langu ni kwamba swali la pili lipewe uzito uleule: mfumo usikubaliwe katika hospitali yoyote ya umma mpaka ithibitike kwamba wahudumu wa kawaida wameujaribu, na kasoro walizoziona zimerekebishwa. Hili si wazo geni. Tangu mwaka wa 2007 kuna kanuni za kimataifa zinazowataka watengenezaji wa vifaa vya tiba kuchunguza jinsi watu wanavyovitumia na wanavyoweza kukosea. Tusikubali kupokea kwa mikono miwili kisichokubalika kwingine.

Kaunti zinapotoa tenda, zisitazame bei na orodha ya mambo ambayo programu inaweza kufanya. Zidai kuona mtu wa wodini akiitumia. Mfumo uanze katika kituo kimoja, kisha viwili, na daftari la karatasi liwe karibu mpaka siku mashine itakapojipatia imani. Na pawe na namna ya kuripoti kasoro bila kuogopa. Muuguzi anayesema “karibu nimdunge mgonjwa dawa isiyo yake kwa sababu majina mawili yamekaa pamoja kwenye kioo” anastahili shukrani, kwani ameokoa maisha ya mtu ambaye bado hajaugua.

Nanyi vijana wetu wa Nairobi, Mombasa, Kisumu na Eldoret mnaotunga programu, nawasihi: kabla hamjaandika mstari mmoja, ombeni ruhusa mkeshe wodini usiku mmoja. Mtaona taa hafifu, umeme unaopotea, muuguzi mmoja na wagonjwa wengi, glavu zenye majimaji, simu inayolia. Huko ndiko programu yenu itakakoishi. Haitaishi kwenye meza yenu.

Wewe msomaji, ambaye leo ni mzima na kesho huenda ukalazwa, una sehemu yako pia. Unapoandikishwa, taja jina lako kamili na umwombe karani alisome alivyoliandika. Mtoto wako akiandikiwa dawa, hakikisha uzito wake umeulizwa, kisha uulize jina la dawa na kiasi. Muuguzi akija na sindano, si utovu wa adabu kumwambia, “Sista, tafadhali, hiyo ni dawa gani?” Nesi mwema hatakasirika. Umemsaidia kusimama kidogo, pale ambapo mashine yake haikumsimamisha.

Na siku nyingine ukiambiwa “sistimu imelala”, usimfokee karani. Muulize jina la msimamizi, uandike barua: eleza siku, saa, na muda mgonjwa wako aliongoja. Barua kumi za namna hiyo juu ya meza ya mkurugenzi zina nguvu kuliko kelele mia dirishani. Karani amekilalia kitanda hicho siku zote, na kunguni wake anawajua mmoja mmoja. Kilichobaki ni kwamba aliyekinunua amuulize.